Panya wa Handeni na goti lako

Mdogo wangu Mwanaidi, hujambo?

Wengi tunakosea kudhani mafuta ya kivumbasi ni sawa na chai yake. Kikapu kizima cha majani hutoa matone machache, na nguvu yote imo humo. Leo hapa Handeni watafiti walimnywesha panya mafuta hayo kidogo, wakamweka juu ya bati lililopashwa moto. Kwa kawaida angeruka mara moja. Huyu alisimama tu, akisinzia, mpaka wakamwondoa.

“Mwalimu, kalala kama mume wangu siku ya kupalilia!” akaniambia akicheka mama aliyeleta majani.

Mimi niliogopa. Nilikuona akilini umekunywa matone ya mafuta hayo niliyokuachia kwa goti lako linalouma, umeketi ukisinzia mbele ya mafiga bila kuhisi moto.

Simu yako haipatikani, nampa kadi hii kondakta wa basi la Korogwe akuletee. Mungu akulinde. Kayafukie mafuta hayo leo, kabla hujawasha moto.