Nesi Zuhura Nimempata

Mama yangu, shikamoo.

Nipo Unguja, Mji Mkongwe. Vichochoro vya hapa ni vyembamba, gari halipiti, unatembea tu. Leo nilianzia bandarini nikimtafuta nesi Zuhura, yule wa zahanati yetu ya Machochwe aliyekuzalisha ulipotuzaa sisi wote wanne. Nilipotea mara tatu, mpaka muuza kahawa mmoja akanifikisha mlangoni kwake.

Amezeeka, Mama, na macho hayaoni vizuri. Niliposema, "Mimi ni Ghati, mtoto wa Bhoke," alinisalimia kwa Kikurya. Machozi yakanitoka. Alinipa chapati na mchuzi wa pweza. Pweza nilimmeza bila kutafuna, nisimvunje moyo.

Nikamuuliza kwa nini aliondoka bila kukuaga. Akasema, "Nilifika hadi uani kwenu. Mama yako alikuwa anasaga mtama huku anaimba. Nikajua akinitazama tu, sitapanda basi. Nikageuka."

Miaka yote hii ulidhani ulimkosea. Hukumkosea, Mama.

Namba yake nimechukua, lakini ameomba nikuandikie kwanza, maana anaogopa utakata simu. Maneno haya ni yake, nayaandika anavyoyatamka: "Bhoke, ndugu yangu, nisamehe. Sijapata rafiki mwingine kama wewe."

Salimia wote hapo nyumbani, na usilime juani na huo mgongo wako. Nakupenda sana.

Mwanao, Ghati