Jibu la Swali Lako Kuhusu Maji ya Bwawa

Mama yangu,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini siwezi kuanza maneno na wewe bila shikamoo. Ungenikata jicho hata huko uliko. Nakuandikia nikiwa Biharamulo, kwenye kile chumba changu cha maabara ulichosema kinanuka kama zahanati. Siku hizi kinanuka zaidi. Nimeketi kujibu swali uliloniuliza siku uliponitembelea, mara ile moja tu uliyopanda basi kutoka Ngara kwa ajili yangu.

Ulishuka umevaa kitenge cha Jumapili, mkononi chupa ya rubisi, ile pombe yako ya ndizi, umeiziba kwa jani la mgomba, na jambo la kwanza ulilosema ni kwamba nimekonda. Mimi nilikuwa najidai. Nikakutembeza plant nzima ya kuchenjulia dhahabu. Nikakuonyesha marudio, yale marundo ya mchanga ambao wachimbaji wameshauosha lakini bado una dhahabu kidogo. Nikakuonyesha matangi tunamoloweka mchanga huo kwa sayanaidi ili dhahabu iyeyuke, na kaboni, vile vipunje vyeusi vya mkaa vinavyoinasa. Ulinisikiliza kwa adabu, kama unavyomsikiliza padri anayerefusha mahubiri. Halafu ukapita zako nyuma ya matangi, mahali ambapo sikupanga ufike, ukasimama kwenye uzio wa bwawa la maji machafu. Pale ukingoni alikuwa amelala yangeyange, amekufa, bawa moja limefunguka.

"Huyu alikuwa na kiu tu," ulisema.

Kisha ukanigeukia. "Mwanangu, maji haya yakitoka hapa yanakwenda wapi?"

Nikakujibu hayaendi popote. Ulinitazama tu, wewe uliyeishi miaka yote chini ya mlima na kuyajua maji kuliko mimi na cheti changu. Nilikudanganya, Mama. Masika yaliyotangulia bwawa lile lilifurika, maji yakapita juu ya ukuta hadi bondeni, na ng'ombe wawili wa watu walikufa. Wenyewe walifidiwa, ukuta ukaongezwa udongo, nasi tukaacha kulizungumza. Ulikunywa chai yangu, na kesho yake ukarudi kwako Nyamiaga. Ulitutoka kahawa ikiwa bado mbichi mtini, nami sijakujibu.

Niliporudi kazini baada ya arobaini yako, sikuweza tena kupita pale uzioni. Nikamwambia mwenye plant tuyasafishe maji, la sivyo nitafute kazi kwingine. Sikuwa na kwingine pa kwenda, ila hilo sikumwambia. Alikubali kwa shingo upande. Tukaanza kutumia peroksaidi, ile dawa inayotoa povu kwenye kidonda, ila ya kwetu ni kali mara nyingi zaidi. Inaivunjavunja sayanaidi mpaka isiwe sumu tena. Lakini peke yake ilikuwa inajikokota. Siku nzima inapita, napima, sumu bado ipo.

Unajua kilichoiamsha? Mrututu! Ule wa bluu ambao baba alikuwa anaupulizia kwenye mibuni, na wewe ukimgombeza asiingie nao jikoni. Kidogo tu ndani ya maji, na kazi ya siku nzima ikaisha kabla ya chai ya saa nne. Kitu kama hicho tunakiita kichocheo. Kinaharakisha kazi, na kazi ikiisha chenyewe bado kipo, tayari kwa nyingine. Kwa kuwa shaba iliyomo kwenye mrututu nayo huua samaki, hatukutaka iondoke na maji. Tukaishikisha kwenye kaboni chakavu, tukaijaza kaboni hiyo ndani ya pipa, na maji yenye peroksaidi yakawa yanapita humo polepole.

Siku nilipoliona lile pipa linafanya kazi nililia, na sikulia kwa sababu ya kemia. Nililikumbuka gogo lako.

Lile gogo lililochongwa kama mtumbwi, ulilorithi kwa bibi, ulilochachushia rubisi nyuma ya nyumba. Nilikuwa darasa la tano, tumefundishwa usafi shuleni, nimerudi na kichwa kikubwa. Wewe ulikuwa umekwenda Kabanga gulioni. Nikaliona gogo lako jinsi lilivyo jeusi ndani, lina utando, lina harufu, nikaona aibu. Nikalisugua kwa majivu na mchanga mpaka mbao zikang'aa, nikalimwagia maji ya moto, nikaketi kusubiri sifa. Ukarudi, ukakamua ndizi, ukatia mtama wako wa kukaanga, ukafunika kwa majani. Kesho yake, kimya. Juisi imelala palepale, tamu, haina hata povu, na watu wa harusi wameshaagiza.

Nilijua nitachapwa. Wewe uliinama, ukapitisha kiganja ndani ya gogo, ukacheka mpaka ukashika kiuno.

"Mwanangu, umeosha kilichokuwa kinafanya kazi."

Nikaanza kulia. Ukaniambia kwa ile r yako ambayo walimu hawakuifikia: "Usirie. Gogo harijafa." Ukanituma kwa jirani nikaombe mabaki yenye chachu ya pombe yake ya juma lililopita, ukanipa mimi mwenyewe niyapake kwa mkono wangu, kona zote. Hukuwahi kumsimulia mtu kwamba ni mimi. Watu wa harusi uliwaambia ndizi hazikuiva vizuri.

Sasa sikia yaliyotokea mwezi uliopita. Tulikuwa tunasubiri wakaguzi wa mazingira waje wapime, wakiridhika ndipo turuhusiwe kuyafungulia maji. Mtu wangu wa pale pipani anaitwa Leonsi, mtu wa Lukole, mtu mzima, mchapakazi, msafi kupita kiasi. Asubuhi ya ukaguzi napima maji, sumu imejaa tele. Nikakimbilia pipani. Leonsi amesimama kando yake, anatabasamu. Alikuwa amemwaga kaboni yote, akaisugua kwa tindikali mpaka ule ukijani wa shaba ukatoka, akairudisha inameta.

"Nimesema wageni wakute usafi, dada," alisema.

Mama, hasira ilinipanda. Kazi ya miezi, na wageni wako njiani. Nilifungua mdomo nimfokee, na kilichotoka kilikuwa kicheko, kile chako, na maneno yako hayohayo. Leonsi aliposikia alichokuwa amekiosha, uso wake ukasawijika. Nikamwambia asihuzunike, pipa halijafa. Wakaguzi walipofika niliwaambia mtambo haujawa tayari, warudi baada ya wiki mbili. Hawakuuliza ni nani aliyekosea, nami sikusema. Tukalowesha kaboni upya, na mrututu alitia Leonsi kwa mikono yake, nimemvalisha glavu.

Walirudi, wakapima mara tatu, wakaridhika. Juzi tumeyafungulia.

Kwa hiyo nakujibu, Mama. Maji yale yanakwenda bondeni. Yanapita chini ya daraja la miti, yanazunguka matuta ya viazi, yanaingia kwenye kijito wanakonyweshea ng'ombe. Nimeyafuata kwa miguu, nimevua viatu, chupa za kupimia mfukoni. Kila nilipopima yalikuwa salama. Sitakudanganya tena: mimi mwenyewe sikuyanywa, bado nina woga. Nitaendelea kupima kila siku ninayoamka.

Pale mwisho nilikaa juu ya jiwe. Alikuja yangeyange mmoja, akasimama majini, akainamisha shingo, akanywa. Nikamsubiri. Nilimsubiri muda mrefu, Mama, mpaka aliporuka.

Lala salama. Gogo lako liko kwangu sasa, na sijaliosha.

Ni mimi, binti yako msafi