Maneno Kumi na Mawili Yaliyosahihishwa

Kamina, Jumatano, tarehe 4 Machi 2026

Kwa mpwa wangu Tamar, mtengenezaji wa programu, Lubumbashi

Bibie mpendwa,

Kwa heshima na kwa upendo wa damu, natanguliza salamu za nyumba yote, nikitumaini kuwa afya yako ni njema na kwamba lile jino limenyamaza. Sisi huku tunaendelea, isipokuwa goti langu la kushoto, ambalo halijaendelea tangu mwaka jana.

Madhumuni ya barua hii ni kukuarifu ajali moja na kuomba maelekezo yako. Naandika kwa kalamu na kukutumia picha, wala sikupigii, kwa sababu maneno ya simu hayana nakala.

Jumatatu nilipita kwenye maegesho ya pikipiki, nikakuta shefu wa kartie, mkuu wa mtaa wetu, amebandika tangazo: Ijumaa tarehe 27 ataamua kesi ya kiwanja cha Mama Dorothée, ambacho Bwana Bolingo anadai kilikuwa cha marehemu baba yake. Tangazo lilikuwa na makosa tisa. Nilipoinama kusahihisha la tisa kwa wino mwekundu, simu yangu ilitoka mfukoni, pikipiki ikapita juu yake. Dereva alisema, "Pole, Papa Masahihisho." Hilo ndilo jina walilonipa.

Unajua uzito wa jambo hili. Karatasi za Mama Dorothée zililiwa na mchwa. Ushahidi uliobaki ni lile daftari la viwanja ulilotuwekea Desemba katika simu za watu watano, ili asiwepo mtu mmoja wa kuling'oa ukurasa. Cheti hakitoki mpaka watatu kati ya watano watie sahihi. Mwepu yuko tayari. Katekista Kabedi yuko tayari. Wa nne amekwenda Mulongo kwenye samaki, ambako hakuna mtandao. Wa tano ni Mama Agar, mke wa Bolingo mwenyewe. Nimebaki mimi.

Nimepata simu nyingine. Inadai yale maneno kumi na mawili ya siri uliyoniamuru kuyanakili kwenye karatasi. Nimeyaingiza mara sita, nayo hujibu kwamba si sahihi. Jibu hilo limenisikitisha, kwa kuwa usahihi wake niliuhakikisha kwa mkono wangu. Nilipoyapokea hayakuwa na maana yoyote. Nikayasahihisha, na sasa ni sentensi nzuri kabisa.

Nasubiri maelekezo.

Mjomba wako,
Ngalamulume


Lubumbashi, 4 Machi

Mujomba,

Jambo sana. Jino iko muzuri. Salimia goti.

Nilisoma barua yako mara tatu, njo nikakaa chini. Mujomba, uliyasahihisha? Ile maneno hapana sentensi. Iko meno ya funguo. Ukinyoosha jino moja ya funguo ikuwe ya kupendeza, mulango haifunguke.

Usinitumie yale maneno. Hata minyi mupwa wako. Hata nikikuomba na machozi.

Najua utasema, Tamar, weye njo ulitengeneza, basi fungua. Siwezi. Ile itifaki ya daftari iko mapatano tu ya simu na simu: haina ofisi, haina mukubwa, haina funguo kubwa yenye kubaki huku Lubumbashi. Ingekuwa na mukubwa, Bolingo angeshaenda kumuona na mbuzi. Njo maana tulifanya vile.

Na tena, siku hizi minyi siandikake programu na mukono. Niko na bawakala sita. Hapana bantu, ni programu zenye kujua kuandika programu. Nabaambia kwa maneno nataka nini: moja anaandika, mwingine anamukosoa, mwingine anapima. Minyi nasoma, nakubali ao nakataa.

Karatasi ya kwanza, ile yenye makosa, iko wapi?

Mupwa wako,
Tamar


Kamina, tarehe 6 Machi 2026

Mpwa wangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta salama kama ilivyoniacha mimi, ukiondoa goti, ambalo linakushukuru.

Nimehesabu. Umeandika "iko" mara nne, mahali ambapo Kiswahili kimetuwekea neno "ni" bila malipo. Ya nne nimeikubali, maana karatasi hakika huwa na mahali. Tatu zilizobaki nakurudishia.

Karatasi ya kwanza niliichoma. Hukuwapo mwaka 1993, tulipolala kituoni wiki saba tukingoja treni: sanduku la karatasi zetu lilipanda, sisi hatukupanda. Tangu hapo kila andiko langu nalitoa nakala tatu. Za sentensi yangu ninazo zote tatu. Lakini rasimu yenye makosa huichoma, isije ikasomwa siku ya msiba wangu.

Kuhusu mawakala wako sita, umesema si watu. Hata hivyo afanyaye kazi husalimiwa. Wasalimie. Yule anayemkosoa mwenzake nampenda zaidi.

Kama itifaki haina mkuu, naibu wake ni nani? Nina karatasi safi yenye mistari na sina wa kumwandikia.

Mama Dorothée huja kila asubuhi na kiti chake, huketi mbele ya meza yangu, wala haulizi kitu. Jana aliuliza kimoja: kama aanze kufunga vyombo. Mimi, ambaye nimewaandikia watu majibu ya kila namna, nilianza kuhesabu nakala zangu tatu.

Mjomba wako,
Ngalamulume


Lubumbashi, 7 Machi

Mujomba,

Jambo. Natumaini mulilala bwino. Mama Dorothée asifunge hata sufuria moja.

Mukuu hakuna, naibu hakuna. Lakini kuko wa kuandikia: bawakala. Nasema kweli, sicheke. Baandikie ombi. Usitaje hata neno moja ya zile kumi na mbili. Eleza tu ulisahihisha namna gani: ulisogeza nini, ulibadilisha nini, juu ya nini. Batatengeneza kaprogramu kadogo ka kurudisha masahihisho yako nyuma. Kataingia mu simu yako na kujaribu mule mule, bila mtandao, hata minyi sitaona kitu.

Zamani ningeandika kitu kama hiki minyi mwenyewe, miezi mbili. Leo mwenye anajua kusema vizuri chenye anataka, huyo njo mutengenezaji. Mujomba, mu familia yetu yote, nani anakushinda kusema vizuri? Andika kama unaandikia gavana.

Mupwa wako,
Tamar


Lubumbashi, 15 Machi

Mujomba, jambo. Nyumbani wazima? Barua iko wapi? (Hii "iko" ni ya mahali. Usiniandikie juu yake.)

Tamar wako


Kamina, tarehe 19 Machi 2026

Kwa Waheshimiwa Mawakala Sita, kwa mkono wa Bi Tamar, Lubumbashi

Yahusu: Ombi la kurudishiwa makosa

Waheshimiwa,

Kwanza, nawasalimu. Hamjambo? Kazi inaendeleaje? Pili, nauliza afya zenu na za watu wenu, ikiwa mnao. Tatu, naomba radhi kwa kuchelewa. Hii ni rasimu ya saba.

Mimi ni mwandishi wa maombi ya watu mbele ya ofisi za Kamina kwa miaka thelathini na mmoja, na elimu yangu nimejipa mwenyewe. Nilikabidhiwa maneno kumi na mawili ambayo sitayataja. Yalikuja kama abiria walioshushwa kwenye lori: hakuna aliyemjua mwenzake. Neno la mtu mzima lilikuwa nyuma ya neno la mtoto. Nililipandisha mbele, kwa heshima. Vitenzi viwili vilisimama bila mtenda. Nilivipeleka nyuma ya watenda wao na kuvivika viambishi. Majina matatu yalikuwa katika umoja. Niliyatia katika wingi, yasione upweke. Mnyama fulani alikuwa karibu mno na chakula, nilimpeleka mwisho. Tena neno moja lilitaja sehemu ya mwili ambayo mtu haitaji mbele ya mpwa wake wa kike. Nililiondoa, nikaweka la adabu. Sikuongeza neno wala kupunguza, maana niliambiwa kumi na mawili. Mwishoni niliweka nukta.

Kwa sababu hizo naomba, kwa unyenyekevu, mnirudishie makosa yangu yote bila kuacha hata moja, kabla ya tarehe 27 ya mwezi huu.

Mjomba wa Tamar,
Ngalamulume


Lubumbashi, 20 Machi

Mujomba,

Jambo, na pole na goti. Bawakala bamemaliza mbele chai yangu ipoe. Yule wa kukosoa alisema hajapata bado maelezo ya kazi yenye kuwa wazi kama hii. Minyi, mwenye nabaandikia kila siku, nilikasirika kidogo.

Baliuliza swali moja tu: ni sehemu gani ya mwili. Nikabaambia bajaribu zote.

Kaprogramu nakutumia pamoja na hii barua. Lakini ujue: bawakala balizani salamu ni sehemu ya kazi. Mbele ya kitu chochote katakuuliza afya yako, na usipojibu hakaendelee. Nilitaka kuitosha, isikuwemo tena, yule wa kukosoa akakataa. Akasema ni mu ombi, aya ya kwanza.

Mupwa wako,
Tamar


Kamina, Jumamosi, tarehe 28 Machi 2026

Bibie mpendwa,

Nakusalimu kwa furaha, pamoja na waheshimiwa sita. Jino likoje? Goti limelala vizuri kwa mara ya kwanza mwaka huu.

Madhumuni ya barua hii ni kutoa ripoti, na kuomba uamuzi mmoja.

Programu ilinisalimu. Ikauliza afya yangu. Nikaeleza goti kwa kirefu, ikanipa pole, kisha ikauliza watu wa nyumbani. Wako watu hapa Kamina wangejifunza kwayo. Ilifanya kazi tangu saa tatu asubuhi hadi adhuhuri, simu ikiwa na joto la ugali wa bukari uliotoka jikoni, Mama Dorothée akiishika kwa kitambaa. Kisha daftari likafunguka.

Ndipo nikasoma mstari niliotakiwa kuutilia sahihi: "Hii parseli iko yangu minyi Dorothée, bantu bote ba hapa banajua." Ndivyo alivyotamka mwenyewe Desemba mbele ya mashahidi, siku niliyokuwa Sanga kwenye matanga. Makosa saba. Nilitafuta mahali pa kusahihisha, sikupaona. Mwepu akanieleza kwamba andiko lililo katika simu tano halifutiki. Ukilibadilisha kwako, zile nne zinakukana.

Nilitoa kalamu nyekundu, nikairudisha mfukoni. Mama Dorothée akauliza, "Muzee, kuko shida?" Nikatazama mahali jina langu litakapokaa siku zote, chini ya lile neno "iko". Nikatia sahihi.

Jana mbele ya shefu, Bolingo alisimama, akasema, "Shefu, haya ni mambo ya simu. Mu simu mutu anaandika chenye anataka, anafuta chenye anataka. Nani anajua balibadilisha mara ngapi?" Watu wakaguna. Niliona Mama Dorothée akikunja kitambaa chake, akikikunjua, akikikunja tena.

Shefu akaniamuru nisome. Nikasoma kwa sauti, "iko" pamoja na "minyi", "bote" pamoja na "banajua", mpaka mwisho. Dereva mmoja wa pikipiki akasema taratibu, "Papa Masahihisho amesema iko." Hapo walicheka mpaka waliokuwa nje.

Shefu hakucheka. Alitoa mfukoni tangazo lake, lile lenye wino wangu mwekundu, akalikunjua mezani.

"Bolingo," akasema, "huyu muzee alisahihisha tangazo yangu, minyi shefu, mu njia, mpaka simu yake ikakufa. Makosa tisa. Kama hii maandishi ingekuwa na mulango hata mudogo wa kuingilia, unazani angeacha ile 'iko' ndani?"

Bolingo akaketi. Aliyecheka kuliko wote ni mkewe, Mama Agar. Kiwanja kimebaki kwa mwenyewe, na leo Mama Dorothée amekirudisha kiti chake nyumbani. Mahali alipoketi panaonekana pakubwa.

Sasa naja kwenye ombi. Mwepu anasema daftari haliruhusu kufuta, bali huruhusu kuongeza mstari chini ya mstari. Rasimu yangu iko tayari (hapa "iko" ni sahihi): "Kiwanja hiki ni changu mimi Dorothée, watu wote wa hapa wanajua." Kwa upande mwingine, shefu ameliamini andiko lile kwa ajili ya makosa yake, na Mama Dorothée amenisihi nisiliguse. Nimelitafakari tangu jana na sijaweza kuamua mwenyewe.

Naomba uniamulie, ndiyo au hapana: nisahihishe, au niache?

Mjomba wako,
Ngalamulume