Jina la Mkate

Montreal, Jumatano

Mdogo wangu Eliana,

Theluji imewahi mwaka huu. Maua uliyonipa mbegu zake bado yamechanua dirishani.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu naiogopa. Yule mzee Osvaldo niliyefahamiana naye mtandaoni anataka kuja kwangu Jumamosi. Niliposita, ukaniandikia kwenye simu: “Dada, acha woga wa kizee! Namjua huyo, kwao ni hapa hapa Valparaíso. Mpe anwani, kwani atakumeza?” Nikacheka, nikampa.

Jana ukaniandikia kwamba umetoka kununua marraqueta. Hivyo ndivyo watu wa Santiago, si sisi wa Valparaíso, wanavyouita mkate wetu. Wewe hujawahi kuuita hivyo maishani mwako.

Basi ni nani huyo anayeandika kwa jina lako? Nimemweleza kila kitu, hata saa ninazobaki peke yangu.

Nimewaambia polisi, na leo nahamia kwa jirani yangu Ghislaine. Nijibu kwa mkono wako, na mstari wa kwanza uandike jina tulilouitia mkate ule mezani kwa mama. Miaka hamsini ya ugenini haijanisahaulisha, lakini hapa silitaji.

Dada yako, anayetaka kujua kama u mzima,
Mireya