Wanailaumu Sindano

Paskazia, niko hai. Usipige, sauti haitoki.

Mama mkwe kanilisha karanga. Karanga, Paska! Miaka miwili naishi kwake, anajua zinanivimbisha. Nilimuuliza kabla sijagusa kile kisamvu, akasema, "Hakuna karanga hapo, mwanangu." Kumbe alizitwanga zikawa unga, na kwake yeye zikishatwangwa si karanga tena.

Matonge mawili tu, midomo ikavimba, pumzi ikakata. Wakanikimbiza zahanati kwa bodaboda.

Nesi akanichoma adrenalini pajani. Pumzi ikarudi, lakini moyo! Ulidunda kama mchi kinuni. Mara koo likabana tena, nesi akachukua sindano ya pili.

Mama mkwe akamdaka mkono. Akamdaka mkono, nakwambia! "Moyo unamruka hivyo, unataka kuniulia mkwe?" Na Benjamini kasimama pale kimya. Mume wangu, kimya!

Nesi akasema, "Mama, moyo unakwenda mbio kwa sababu ya dawa, utatulia. Nisipomchoma ndiyo utasimama. Niachie." Akanichoma.

Sasa nimelazwa, manesi wananiangalia. Nawasikia mama mkwe na mwanawe nje wakiwapigia ndugu simu: "Sindano nusura imuue." Karanga hakuna anayezitaja, hata Benjamini.

Sasa hivi mama mkwe kaniletea uji. Nimemuuliza umetiwa nini. Kanijibu kwa upole kabisa, "Hauna kitu huo, mwanangu."

Nimeufunika.