Wote Wamebofya "Nimeelewa", Mama Mdogo Hajaelewa

Mshauri mpendwa, nisaidie, maana roho iko juu wiki nzima sasa na sina wa kumwambia. Mimi natengeneza kurasa za tovuti, na hospitali moja ilinipa kazi ya kutengeneza ukurasa wa kuwapokea wafanyakazi wanaoanza kujifunza mfumo mpya wa kompyuta, yaani ule ukurasa wa mwanzo kabisa unaomwambia mtu uko wapi, uanzie wapi, ukikwama urudi wapi, nami nikautengeneza kwa raha zangu zote, nikaweka picha zinazosogea, nikaweka visanduku tisa vya maelezo vinavyojitokeza kimoja baada ya kingine, na kila kisanduku kina kitufe cha "Nimeelewa", usipokibofya huendi mbele. Nikawajaribishia rafiki zangu watatu, wote mafundi kama mimi, wakamaliza kwa dakika nne wakasema dada, hii hata mtoto anaweza, kichwa kikavimba.

Sasa hospitali hiyo hiyo, kwenye dirisha la faili za wagonjwa, ndipo anapofanya kazi mama yangu mdogo, aliyenilea tangu nina miaka sita, na ana miaka ishirini na miwili pale, wenzake wanamwita Bibi Faili kwa sababu ukimtajia jina la mgonjwa ataenda kwenye rafu na kurudi na faili kabla hujamaliza kukohoa. Nilimuuliza nyumbani, "Mama, ule ukurasa umeuonaje?" akajibu, "Mzuri mno mwanangu, nimeelewa kila kitu," huku anafuta meza aliyokwisha kuifuta. Nikafurahi, mjinga mimi.

Jumatatu nikafungua kumbukumbu za ukurasa, maana zinaonyesha nani kaingia na kafika wapi, nikakuta mama mdogo ameufungua mara thelathini na moja, kila mara anabofya "Nimeelewa" zote tisa, anafika pale pa kutafuta mgonjwa, anakaa, haandiki hata herufi moja, anafunga, anaanza upya. Nikapita kwake nikijifanya natafuta waya, nikamkuta na kidaftari mapajani, ameichora skrini yangu kwa penseli na mishale kila mahali, aliponiona akakikalia. Mwenzake wa dirisha la pili akasema, "Bibi Faili leo anachora ramani ya hazina," wakacheka wote wawili, lakini kidaftari mama hakukitoa alipokikalia.

Jumamosi nikajaribu kumfundisha, nikashika kipanya nikamwonyesha, bofya hapa, hapa, halafu hapa, umeona? Akasema, "Nimeona, mwanangu." Hakuona kitu.

Na meneja amebandika ukutani karatasi kwamba asilimia mia ya wafanyakazi wameelewa, na Jumatatu ijayo faili zote za karatasi zinafungiwa stoo. Jana binti wa mama mdogo akaninong'oneza kwamba mama amemuuliza barua ya kuomba kustaafu mapema inaandikwaje, "sababu niandike nini, kwamba kichwa changu kimechoka?" Mshauri, nililia. Nikimwambia meneja ile asilimia mia ni hewa tupu nitaonekana sijui kazi, na hii ndiyo kazi yangu kubwa ya kwanza, na mama ataumbuka mbele ya wenzake, na nikinyamaza mama anaondoka. Nifanyeje?

Ni mimi, Fundi wa Kurasa.

*

Fundi,

Pole. Nilikuhurumia mpaka nilipofika kwa hao rafiki zako watatu, hapo huruma ikapungua. Ukurasa wa wanaoanza unaupeleka kwa mafundi wakusifie? Ulitaka kujua kama unafaa au ulitaka kupigiwa makofi?

Na hicho kitufe chako! Unamzuia mtu asipite mpaka aseme ameelewa, halafu unashangaa kwamba wote wamesema. Wamebofya ili kisanduku kiwaondokee machoni. Huyo wa dirisha la pili anayecheka, hebu mtazame na yeye kwenye kumbukumbu zako. Nina shaka naye.

Sasa sikiliza. Mtu aliyetunza faili za wagonjwa miaka ishirini na miwili haogopi kompyuta. Anaogopa kuharibu taarifa za mgonjwa. Ukurasa wako umemweleza mambo tisa, lakini je, kuna mahali umemwambia kwamba hapa ni pa mazoezi, ukikosea hakiharibiki kitu? Barua yako haisemi, na nadhani najua kwa nini.

Kwa hiyo leo, si kesho, nenda kwa meneja. Mwambie ile hesabu inahesabu mibofyo tu, na unaomba faili za karatasi zibaki wazi wiki mbili zaidi. Jina la mama usilitaje. Atanuna, na wewe utaaibika. Aibika tu, mwanangu, haitakuua. Mgonjwa akisimama dirishani na taarifa zake hazionekani, hiyo aibu utaiweka wapi?

Kisha futa visanduku vyote tisa, usinibembeleze nikuachie hata kimoja. Weka mgonjwa mmoja wa mazoezi, kazi moja ya kumtafuta, na kitufe kikubwa cha kurudi mwanzo kisichopotea popote mtu alipo. Hayo maelezo mengine yatamkuta mtu huko mbele, pale anapoyahitaji. Ukimaliza, kaa pembeni ya mama, mikono yako ikalie, kipanya usikiguse hata akikaa kimya dakika tano. Kila anaposita, andika. Na umwombe kwa adabu akuonyeshe kile kidaftari, maana yeye ameshaona usichokiona wewe.

Lakini barua ya kustaafu haitakungoja umalize kutengeneza. Mama huyu anaamini kichwa chake kimechoka, na wewe unajua si kweli, na siku zote hizi umenyamaza ukilinda sifa yako. Hilo ndilo limeniudhi kuliko yote. Weka gazeti chini, nenda ukamwambie uso kwa uso: "Mama, ukurasa wangu ndio mbovu." Halafu nyamaza, umwache aseme yeye.