Unyayo Nilioukata kwa Jembe

Komora, rafiki yangu,

Inspekta yuko hai. Alitoka salama kwenye ile nyumba iliyochomwa moto, katika ule mchezo wa redio uliouacha katikati homa ilipokuchukua. Muuaji alikuwa yule mpishi mpole. Ulituambia tangu mwanzo, nasi tukakucheka.

Kila Jumamosi jioni bado tunakusanyika hapa Garsen dukani kwa Salim, na redio yake ya betri inakoroma vilevile. Nimesoma magazeti na vitabu vingi, lakini sijakutana na kitu bora kuliko mchezo ule. Inspekta hamkamati mtu kwa sura yake wala kwa kabila lake. Kwanza hupiga magoti akatazama chini. Ndiyo maana wewe, kabla hajamtaja mhalifu, ulikuwa ukitunyamazisha na kutuzungukia mmoja mmoja: "Unamshuku nani? Sababu?" Asiye na sababu alikwenda kuchota maji ya chai. Mimi nimeyachota mara nyingi.

Sasa sikia uchafu huu.

Juma lililopita mpunga wa kule Kulesa uliliwa, wangu ukiwamo. Kulipokucha, wasikilizaji wetu walewale walikaa kwenye benchi lilelile wakahukumu: ni ng'ombe wa Guyo, yule mfugaji Muorma uliyekuwa ukinunua maziwa kwake. Hakuna aliyefika shambani. Hakuna! Kufikia adhuhuri walikwisha kuziba kwa miiba malka yake, njia anayopitishia ng'ombe kwenda mtoni, na kiangazi ndicho hiki. Lakini nikwambie kweli: siku ile na mimi nilinyamaza. Mpunga wangu uliniuma, nikatamani awe yeye.

Siku ya pili aibu ilinishinda, nikaenda. Nikapiga magoti kwenye tope, na magoti yangu unayajua. Unyayo mpana kama sahani, vidole vinne. Ng'ombe gani ana vidole vinne? Kiboko, Komora! Kila aliyezaliwa kando ya mto huu anaujua unyayo ule. Hawa hawakukosa macho. Hawakutaka kutazama.

Nikarudi dukani nikawaeleza. Salim akacheka: "Bwana Gazeti, hii si redio." Benchi zima likacheka naye. Watu haohao walitokwa machozi kwa ajili ya mtumishi aliyesingiziwa mchezoni, mtu ambaye hata jina lake ni la kutungwa! Na Guyo, aliyekaa matangani kwako siku tatu, sasa anaswaga ng'ombe hadi upande wa Tarasaa kutafuta maji. Ndama wake wawili wamefia njiani.

Tope limekauka. Nimeukata unyayo mmoja kwa jembe, mzima, nikauweka juu ya ungo niliouazima kwa mkeo. Kesho wazee wanakaa kwa chifu. Nitauweka mbele yao, niwazungukie mmoja mmoja, niwaulize swali lako. Asiye na sababu sitamtuma maji ya chai. Tutakwenda naye malkani kuondoa miiba, na tawi la kwanza nitalivuta mimi, kwa kuwa hata mimi sikuwa na sababu.

Lala, ndugu yangu. Ungo wa mkeo nitaurudisha. Na wazee wakicheka kama alivyocheka Salim, wacheke. Kesho jua halitatua malka ikiwa imezibwa, hata nikiiondoa miiba ile peke yangu.

Mwenzako wa benchi